Hesabu Zilizoitangulia Hadubini

Mwaka 1964, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, mwanafizikia Aneesur Rahman, mzaliwa wa Hyderabad nchini India, alizifungia atomu 864 za agoni ndani ya sanduku lenye upana wa nanomita tatu na nusu hivi. Sanduku halikuwepo, wala agoni haikuwepo. Vyote vilikuwa tarakimu ndani ya kompyuta ya CDC 3600.

Kompyuta ilikokotoa namna kila atomu inavyovutwa na kusukumwa na jirani zake, ikaisogeza kidogo kwa kanuni za Newton, kisha ikaanza upya. Hatua moja iliwakilisha sekunde iliyogawanywa mara trilioni 100. Atomu iliyotokea ukuta wa kulia ilirudishwa ndani kupitia wa kushoto, ili sanduku hilo dogo lijifanye kimiminika kisicho na ukingo. Ujanja huo unatumika hadi leo. Na majibu yalikaribiana na vipimo vya agoni ya kweli.

Rahman alikuwa na watangulizi. Huko Los Alamos mwaka 1953, watafiti watano walichapisha njia ya kukokotoa tabia za chembe kwa kubahatisha misogeo yake. Programu iliandikwa na Arianna Rosenbluth, lakini njia ikabaki na jina la Metropolis, aliyetangulia kwenye orodha ya waandishi. Si haki, ila ndivyo ilivyokuwa.

Kwa agoni ya Rahman, kompyuta ilikuwa ikithibitisha yaliyokwisha kupimwa. Mambo yalikuwa kinyume baada ya Sumio Iijima wa Japani kueleza, mwaka 1991, vijineli vya kaboni vyenye upana wa nanomita chache. Mwaka uliofuata makundi kadhaa ya wananadharia, Japani na Marekani, yalikokotoa kijineli chenye ukuta mmoja na kupata jambo la ajabu: karatasi ileile ya kaboni, ikiviringishwa kama mkeka ulionyooka au uliokwenda upande, hutoa ama kitu kinachopitisha umeme kama metali, ama kinachoupitisha kwa masharti kama silikoni. Kemia haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni pembe na upana tu.

Wakati huo hakuna aliyekuwa ametangaza kutengeneza kijineli cha ukuta mmoja. Vilipatikana 1993. Uthibitisho ukasubiri hadi 1998, pale timu za Delft, Uholanzi, na Harvard zilipovipapasa kwa hadubini ya ncha, kimoja kimoja, na kukuta wananadharia walisema kweli.

Afrika nayo imeingia kwenye kazi hii. ASESMA, shule ya Kiafrika inayofundisha ukokotoaji wa elektroni ndani ya maada, ilianzia Cape Town mwaka 2010, na mwaka 2012 ikafanyika Eldoret, Kenya. Wanafunzi wake hutumia Quantum ESPRESSO, programu ambayo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua bila kulipa hata senti.