Joto la kompyuta

Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa ya kompyuta huishia kuwa joto. Joto hilo hupitia pesti iliyopakwa juu ya prosesa hadi kwenye mapezi ya alumini au shaba, na feni hulipeperusha nje. Prosesa nyingi za kisasa zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi. Zikizidiwa, kompyuta huzimika ghafla. Mara nyingi mkosaji ni vumbi lililoganda kati ya mapezi.

Umeme huo huletwa na pawa saplai, ambayo hugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3. Prosesa na kadi ya michoro, walaji wakubwa, hutegemea volti 12. Kwa hiyo ukinunua saplai usisome boksi, soma kibandiko chake: ampea 25 za volti 12 ni wati 300 tu, hata boksi likijigamba 500. Kompyuta inayokula wati 350 hutoshewa vizuri na saplai ya kweli ya wati 550.