Kupima Kiinitete Bila Kukigusa: Kanisa Lafundisha Nini?

Wanandoa wanaokawia kupata mtoto hubeba msalaba mzito. Mara nyingi lawama humwangukia mke peke yake, ingawa chanzo chaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Baadhi yao, wafikapo katika kliniki za uzazi, huelezwa kwamba siku hizi viinitete hupimwa bila kuguswa wala kudhuriwa. Yafaa mwamini azifahamu njia hizo, na aelewe kwa nini kutokukigusa kiinitete hakutoshi kulihalalisha tendo.

Njia zenyewe

Mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Tangu hapo wataalamu wametafuta namna ya kutambua kiinitete kitakachoshika katika mji wa mimba. Njia ya zamani ni kukitazama kwa hadubini: idadi ya chembe hai zake, ulinganifu wake na jinsi zinavyogawanyika. Baadaye zikaja kamera zinazopiga picha kila baada ya dakika chache, kiinitete kikiwa kingali katika chombo cha joto kinamokuzwa. Picha hizo sasa huchambuliwa pia kwa kompyuta. Njia nyingine ni kupima majimaji ambamo kiinitete kilikuzwa, kwa kuwa humo hubaki vipande vya vinasaba vyake. Hata hivyo, vinasaba vya mama vyaweza kuchanganyika humo na kupotosha majibu.

Njia hizi ni tofauti na ile ya kuchukua chembe chache kutoka katika kiinitete chenyewe, kwa kawaida siku ya 5 au ya 6. Kwa kuwa hakuna kinachokatwa, wengi hudhani kwamba tatizo la kimaadili limekwisha.

Mafundisho ya Kanisa

Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 yafundisha kwamba kumpima mtoto aliye tumboni ni halali, iwapo kipimo chaheshimu uhai wake na chalenga kumlinda au kumponya. Huwa kosa zito kinapofanywa kwa nia ya kumwondoa akionekana ana kasoro. Basi swali la kwanza ni hili: kipimo ni kwa faida ya nani?

Katika maabara, kipimo hakimtibu yeyote kati ya wale wanaopimwa. Huwapanga tu kwa daraja: mmoja huchaguliwa, wengine hugandishwa au hutupwa. Ndiyo maana Dignitas Personae ya mwaka 2008 yakataa upimaji wa viinitete kabla ya kupandikizwa unaokusudia kuchagua wanaofaa na kuwaangamiza wengine. Kiinitete ni cha kuheshimiwa kama nafsi tangu kutungwa mimba (Katekisimu, 2274).

Je, kama kimetungwa kimoja tu, wala hakuna kinachotupwa? Hapo kosa la kuchagua halipo, lakini lingine labaki: utungaji huo umetenganishwa na tendo la ndoa (Katekisimu, 2377). Mtoto ni zawadi; hatengenezwi wala hakaguliwi kama bidhaa.

Kwa wanandoa

Kanisa haliwaachi wanandoa mikono mitupu. Lahimiza utafiti wa kupunguza utasa, na lakubali matibabu yanayolisaidia tendo la ndoa lifikie matunda yake: dawa za homoni, upasuaji wa kuzibua mirija ya uzazi, na utambuzi wa siku za rutuba. Wote wawili, mume na mke, wapimwe mapema. Kupanga kumlea mtoto yatima nako ni njia ya ukarimu.

Mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa njia ya maabara ana hadhi kamili ya mwana wa Mungu; apokewe kwa upendo, abatizwe, wala asinyoshewe kidole. Wazazi waliopitia njia hiyo, hasa wenye viinitete vilivyogandishwa, wasijifiche: wamwendee paroko wao, naye awasikilize kwa huruma. Nasi jirani zao tuyapime maneno yetu, tukimkumbuka Ana, mama wa Samweli, ambaye hata kuhani alimdhania mlevi alipokuwa akilia mbele za Bwana.