Merikani, Kaniki na Nyuso za Wapagazi

Vitabu vingi vimeeleza habari za pembe, watumwa na vitambaa vilivyopita katika njia ya kati ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, na toka hapo mpaka Ujiji. Sisi twapenda kuongeza jambo ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni mwanga. Maana sura za watu wa njia ile zimetufikia kwa picha.

Wapiga picha hutambua mwanga wa namna mbili. Mwanga mkali hutoka katika chanzo kinachoonekana kidogo, na kivuli chake huwa cheusi, chenye ukingo kama uliokatwa kwa kisu. Mwanga mwororo hutoka katika chanzo kipana, ukauzunguka uso hata kivuli kikayeyuka. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali wake machoni petu ni kisahani tu. Ndiyo sababu ni kali. Likifunikwa na wingu, mbingu nzima hugeuka kuwa taa.

Tabora iko yapata digrii tano kusini mwa Ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini. Machi huwa na mawingu ya mvua. Oktoba haina huruma. Apigwaye picha saa sita mchana, macho yake huzama katika kivuli cha nyusi.

Juu ya hayo, sahani za kioo za karne ya 19 zilihisi zaidi mwanga wa buluu, wala hazikuihisi vema rangi nyekundu na hudhurungi. Ngozi ya Mnyamwezi ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, na shuka yake nyeupe kupita kiasi. Kamera ikirekebishwa kwa ajili ya uso wa Mzungu, mpagazi aliyesimama kando alikuwa kivuli kisicho na macho. Wala tusiilaumu kemia peke yake, kwani aliyechagua nani asimame penye mwanga mzuri alikuwa mwenye kamera. Filamu za rangi nazo, katika miaka ya 1950, zilisawazishwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe.

Mwaka 1871, huko Unyanyembe, Henry Morton Stanley alipewa mtoto mtumwa, Ndugu M'hali, akamwita Kalulu. Mwaka 1872 walipigwa picha pamoja katika studio ya London. Studio za Ulaya za wakati ule aghalabu zilikuwa na paa la vioo na mapazia ya kupunguza jua, na katika picha ile uso wa kijana waonekana dhahiri. Lakini mavazi na namna ya kusimama vilipangwa kwa ajili ya sifa za bwana wake. Kalulu alikufa maji katika mto Kongo mwaka 1877. Kadhalika Abdulla Susi na James Chuma, walioongoza kundi lililobeba maiti ya David Livingstone kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, walipigwa picha huko Uingereza mwaka 1874. Ni uchungu kuona kwamba watu wa njia hii walipata mwanga wa haki mbali na njia yenyewe.

Na dawa ilikuwa ndani ya mizigo. Merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichotumika kama fedha, kikitandazwa baina ya jua na uso, chenyewe huwa chanzo kipana. Kikishikwa kando, huurudisha mwanga machoni. Kaniki, nguo nyeusi, humeza mwanga na kuchonga umbo la shavu. Mpagazi alibeba ratili 60 hadi 70 begani. Upande mmoja wa merikani ungalitosha kuuonyesha uso wake.

Walimu watakaowapeleka wanafunzi kwenye tembe la Kwihara, walikokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, na ambalo ni makumbusho, wachukue shuka nyeupe na kaniki. Chini ya miembe wajihadhari na mabaka ya jua yapenyayo majanini. Mlangoni pasipopigwa na jua ni pazuri zaidi. Wanaopiga sinema wana kazi ya ziada: jua halisimami, na kivuli cha saa tatu hakiungani na cha saa tano katika mazungumzo yaleyale. Kwa hiyo wafike mapema, na wazee wa kijiji wapigwe picha kwanza, kabla ya jengo.