Purifaya ya Keja: Usichezwe na Bei, Piga Hesabu ya Filta na Stima

Kama unaishi Kariobangi, Korogocho, Lucky Summer ama mahali popote moshi wa dampo la Dandora hufika, hauhitaji kuelezwa hewa mbaya ni nini. Unafunga dirisha usiku na bado unaamka koo imekauka. Mimi naishi na sista yangu mdogo na ana pumu. Ndio maana mwaka jana nilijikaza nikanunua mashine ya kusafisha hewa, ile watu wanaita purifaya. Manze, nilikula hasara. Acha nikupee rada ndio wewe usiingie hiyo shimo.

HEPA ni moja, zingine ni story

Vumbi unaloona likielea kwa mwangaza wa dirisha si ndilo mbaya zaidi. Ile noma inaitwa PM2.5: chembe za mikroni 2.5 kushuka chini. Unywele wako mmoja ni mnene karibu mara 30 kuliko hiyo chembe. Hiyo kitu inapita pua, inashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwaka wa 2021 WHO ilisema wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Filta ya HEPA ya ukweli, kwa kipimo cha Marekani, lazima ishike asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Yaani chembe 10,000 zikiingia, 3 tu ndizo zinapenya. Hiyo 0.3 haikuokotwa tu. Ni kama saizi ngumu zaidi kushika, kwa hivyo kubwa na ndogo kuishinda zinanaswa hata vizuri zaidi. Kwa kipimo cha Ulaya, tafuta H13, ambayo inashika angalau asilimia 99.95.

Sasa cheki box vizuri. Ukiona "HEPA-type" ama "HEPA-like", tulia. Hayo maneno hayana kipimo chochote nyuma yake. Yangu iliandikwa hivyo, na filta yenyewe ilikuwa nyembamba kama sifongo ya kuosha vyombo.

Kitu kingine: HEPA inashika chembe, haishiki harufu wala gesi. Ya harufu ni filta ya kaboni, na hiyo lazima iwe nzito kiasi. Kale kakitambaa keusi kamebandikwa juu ni mapambo tu.

Saizi ya keja yako

Filta inaweza kuwa poa lakini feni ni dhaifu, so hewa ya nyumba haipiti kwake haraka. Hapo ndio unaangalia CADR, yaani kiasi cha hewa safi mashine inatoa kwa saa.

Tuchukue bedsitter ya mita 3 kwa 3, dari mita 2.5. Hiyo ni mita za ujazo 22.5. Ukitaka hewa yote isafishwe mara 5 kwa saa, unahitaji CADR ya karibu 113. Kama box imeandika kwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha na 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.

Chunga hapa: CADR hupimwa feni ikiwa spidi ya juu kabisa, na hakuna msee analala na hiyo kelele. Nunua iliyozidi saizi ya nyumba yako kidogo, ndio hata ukishusha spidi usiku bado inafanya kazi.

Doo ya kuiendesha

Bei ya duka ni mwanzo tu. Kuna stima na kuna filta.

Stima ni rahisi: wati mara masaa, gawanya na 1,000, unapata yuniti. Bei ya yuniti yako iko kwa meseji ya tokeni: gawanya pesa ulizolipa na yuniti ulizopata. Kwa mfano huu tutumie bob 28, na mashine iwake masaa 10 kila usiku.

Mashine A: bei 9,000, wati 45, filta ya 4,000 kila miezi 6.
Mashine B: bei 16,000, wati 30, filta ya 4,500 kila mwaka.

Baada ya miaka 3, A imekula filta 5, kwa sababu ya kwanza ilikuja nayo. Hiyo ni 20,000. Stima ni kama 13,800. Jumla: 42,800.

B imekula filta 2, yaani 9,000. Stima ni kama 9,200. Jumla: 34,200.

Umeona? Ile "bei rahisi" imekutoa 8,600 zaidi. Na ujue kilichokula doo zaidi kwa A ni filta, stima imefuata.

Ndio maana kabla ulipe, uliza filta yake inauzwa wapi na pesa ngapi. Mimi sikuuliza. Baada ya miezi minne filta yangu ilikuwa nyeusi ti, nikatafuta nyingine mtaani na mtandaoni, wapi! Sai mashine ni stuli ya kuweka redio. Na usijaribu kuosha filta ya HEPA kama haijaandikwa inaoshwa, utaiharibu. Kile kichujio cha nje cha kushika nywele na vumbi kubwa ndicho unasafisha, na ukikisafisha mara kwa mara HEPA inadumu.

Mambo mawili ya kukuweka hai

Moja: purifaya haiondoi kaboni monoksaidi. Ukiwasha jiko la makaa ndani na umefunga madirisha juu ya baridi ya Julai, hakuna mashine ya HEPA itakuokoa. Jiko likae nje.

Mbili: epuka mashine zinazojisifu kutoa ozoni. Ozoni inaumiza mapafu, na mwenye pumu ndiye anaumia haraka. California hairuhusu kuuza mashine za nyumbani zinazopitisha ozoni ya 0.050 kwa milioni.

Kama doo bado haijafika, anza na za bure: funga dirisha moshi ukija, fungua ukiisha, pangusa vumbi na kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu. Na hata ukinunua ile kali, mgonjwa wa pumu asiache inhela yake. Sista yangu hutembea na yake kila siku, na mimi sai naweka akiba ya B.

Piga hesabu kwanza, M-Pesa baadaye.