Reli za Sebuleni

Katika maonyesho ya biashara ya Leipzig ya mwaka 1891, nyumba ya Märklin ya Göppingen, ambayo asili ya riziki yake ilikuwa uhunzi wa bati na vyombo vya jikoni vya wanasesere, ilitandaza vipande vya reli ya garimoshi la kuchezea vyenye vipimo maalumu, vikaungana hata mnunuzi akawa na yakini kwamba alichonunua leo kitaoana na atakachonunua mwakani. Na hapo, kwa rai yangu, ndipo ilipozaliwa hasa kazi ya kupanga reli nyumbani.

Reli zile za awali zilitaka ukumbi wa tajiri. Ili zienee katika nyumba za watu wa wastani, nafasi baina ya pau mbili ilipunguzwa hata milimita 32, kisha, watengenezaji Bing wa Nuremberg walipoleta reli ya mezani mwaka 1922, ikawa karibu nusu yake.

Hapo Waingereza wakaingia mashakani. Magarimoshi yao ya kweli ni membamba kuliko ya bara, maana madaraja na mahandaki yao yalijengwa mapema na kwa kubana, nayo mota ya umeme ya zama zile haikuenea katika kiwiliwili cha injini kilichopunguzwa kwa kadiri ile ile ya reli. Basi wakakata shauri kwamba injini na mabehewa yakuzwe hata milimita 4 kwa kila futi, na reli ziachwe katika milimita 16.5, ilhali hesabu ya haki ingedai 18.83. Reli ya kuchezea ya Hornby Dublo ya mwaka 1938 ilitoka na taksiri hiyo ya makusudi, na maduka ya Uingereza yanauza reli za kipimo hicho hata leo. Wako mafundi wasioistahimili, wanaojiundia njia kwa kipimo sahihi. Siwalaumu, ila sidhani kwamba watazamaji wengi hutambua.

La taabu zaidi kuliko kipimo ni garimoshi kuzunguka duara pasipo mwisho wala sababu, na wako waliolitafutia dawa. John Ahern wa London aliipa reli yake ndogo, Madder Valley, nchi ya kupita, toka Madderport hadi Gammon Magna, baina ya nyumba za kadibodi alizozijenga kwa mkono wake, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Pendon, Long Wittenham. Naye Cyril Freezer, mhariri wa jarida la Railway Modeller, alichora mwaka 1957 ramani aliyoiita Minories: stesheni ya mjini yenye majukwaa matatu, juu ya ubao mwembamba wa kukunja, ambapo garimoshi huingia likitoka mafichoni, na injini nyingine ikaja kuyashika mabehewa kwa nyuma na kuyarudisha yalikotoka.