Asiyekuwepo na Lake Halipo: Habari ya Bei ya Maji Dar es Salaam

Ndugu msikilizaji, kila inapotangazwa kwamba bei ya maji inapanda, jiji la Dar es Salaam hugawanyika makundi mawili. Wako wanaosema maji ni uhai, na uhai hauuzwi. Wako wanaojibu kwamba pampu haiendeshwi kwa dua, na fundi hali maneno. Makundi yote mawili yana hoja. Lakini nimeifuatilia habari hii kwa miaka kadhaa katika kazi yangu ya utangazaji, na kadiri ninavyorudi nyuma katika historia yake ndivyo ninavyoona kwamba liko kundi la tatu ambalo halimo katika ubishi huo. Ni watu wasio na bomba wala mita. Bei inayotangazwa haiwahusu, na hao ndio wanaolipa kubwa kuliko wote.

Juma hili basi naomba tuitazame historia hiyo tangu mwanzo, tujue bei ya maji ilikuwa ikipangwa na nani, kwa hesabu gani, na ilimfikia nani.

Mji huu ulianza kwa visima. Karibu na mwaka 1950 ukaja mtambo wa Mtoni kwenye Mto Kizinga, na mwaka 1959 ukafuata mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi. Huo ulikuwa mji wa kikoloni, uliogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na maji nayo yaligawanywa hivyo hivyo. Uzunguni yaliingia jikoni na bafuni. Uswahilini yaliishia kwenye bomba la mtaa, na kutoka hapo yakabebwa kichwani. Kwa hiyo tangu siku hizo ankara ya maji ilikuwa karatasi ya mwenye bomba ndani ya nyumba. Mbeba debe hakuwa na ankara, wala jina lake halikuwamo katika daftari la wateja.

Baada ya Uhuru, serikali ilitaka kuivunja tofauti hiyo. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia maji wananchi wote wa vijijini, na gharama zake zilibebwa na serikali. Mijini nako maji yalihesabiwa kuwa huduma kwa wananchi kabla ya kuhesabiwa kuwa bidhaa. Mwaka 1976 ukakamilika mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ambao ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote iliyotangulia. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya kuunda NUWA, mamlaka ya taifa ya maji mijini. Jina lake lilikuwa la taifa zima, lakini kazi yake ilikuwa Dar es Salaam.

Nia ilikuwa njema, na hakuna haja ya kuibeza. Lakini katika miaka ya 1980 uchumi wetu ulikuwa taabani, na bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kila mwaka. Hebu tupige hesabu kidogo. Bei ya maji ikiachwa palepale kwa miaka mitatu wakati vitu vyote vinapanda kwa kasi hiyo, thamani yake hubaki chini ya nusu. Hakuna aliyetangaza kwamba bei imeshushwa. Imeshuka yenyewe, polepole, kama chumvi kwenye maji. Wakati huohuo dawa ya kusafishia maji, vipuri vya pampu na mabomba vinanunuliwa kwa fedha za kigeni, navyo havingoji.

Mamlaka ikikosa fedha, haifungi milango siku moja. Kwanza inaacha kubadilisha bomba lililooza, kisha inaacha kutandaza bomba jipya, halafu maji yanaanza kuja kwa zamu. Na mji hausubiri. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu karibu 273,000 Dar es Salaam. Ile ya 1988 ikahesabu zaidi ya 1,360,000. Ile ya 2002 ikafika karibu 2,487,000. Katika muda wote huo, baada ya Ruvu Chini ya mwaka 1976, mji haukupata chanzo kingine kikubwa. Mitambo ya Ruvu ilikuja kupanuliwa katika miaka ya 2010.

Watafiti waliochunguza matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960, utafiti uliorudiwa na wengine mwaka 1997, walionyesha mambo yalivyokwenda. Katika nyumba zenye bomba, matumizi ya mtu mmoja kwa siku yalishuka kutoka wastani wa lita 128 hadi lita 66. Kwa wale wasio na bomba, muda wa kutafuta maji kwa siku uliongezeka kutoka kama nusu saa hadi saa moja na nusu.

Mimi nimekulia Temeke katika miaka hiyo. Watoto wa mtaa wetu tuliijua bei ya dumu la maji kama tulivyoijua bei ya andazi, na tulijua kwamba hupanda siku ambayo mabomba ya jirani yamekauka. Ankara ya maji hatukuwahi kuiona. Maji tuliyokunywa yalikuwa ya mkokoteni, au ya jirani mwenye bomba aliyeuza kwa ndoo. Basi ile bei ndogo ya serikali ilikuwa ikiishia kwa nani? Iliishia kwa yule mwenye bomba. Wengine wote tulinunua kwa bei ya soko.

Mwaka 1991, mwaka uleule ambao mpango wa miaka 20 ulipaswa kukamilika, ilitolewa Sera ya Maji, na neno lililosikika kila mahali likawa ni kuchangia gharama. Mwaka 1997 NUWA ikageuzwa kuwa DAWASA. Katika miji mingine mamlaka za maji ziligawanywa madaraja matatu: zile zinazojitegemea kwa gharama zote za uendeshaji, zile ambazo serikali huzisaidia ankara ya umeme, na zile ambazo serikali huzilipia umeme pamoja na mishahara. Mgawanyo huo unafundisha jambo moja. Gharama ya maji hulipwa siku zote. Kisichojulikana ni kama italipwa na mtumiaji, na mlipa kodi, au na bomba lenyewe kwa kuachwa lioze.

Kisha ikaja enzi ya wawekezaji. Ubinafsishaji wa uendeshaji wa maji Dar es Salaam ulikuwa miongoni mwa masharti ya kusamehewa madeni ya nje. Mwombaji aliyewasilisha zabuni alikuwa mmoja tu, na kampuni iliyoundwa ikaitwa City Water, yenye wanahisa kutoka Uingereza, Ujerumani na hapa nyumbani. Mkataba wa miaka 10 ulitiwa saini Februari 2003, na kazi ikaanza Agosti mwaka huo.

Naomba tuangalie bei ilivyopangwa katika mkataba ule, maana ni somo. Fedha aliyolipa mteja ilikatwa mafungu matatu. La kwanza lilibaki kwa kampuni kwa kazi yake. La pili lilikwenda DAWASA, mwenye mabomba, kama ada ya kukodi. La tatu lilikwenda kwenye mfuko wa kuwaunganishia maji wakazi ambao hawajawahi kuwa na bomba. Kwa karatasi, huo ulikuwa mpango wa busara: asiye na bomba aliwekewa fungu lake ndani ya bei ya mwenye bomba.

Lakini fungu hukatwa kutoka kwenye kilichokusanywa. Kampuni ilikusanya chini ya matarajio, ikaomba bei yake iangaliwe upya kabla ya wakati, ikakataliwa. Mwaka 2004 ikaacha kulipa ada ya kukodi. Mwezi Mei 2005, Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, akatangaza kuvunjwa kwa mkataba, na shirika la umma, DAWASCO, likachukua kazi. Kesi zilifuata. Baraza la usuluhishi lililosikiliza shauri la London liliamua kwamba City Water iilipe DAWASA kiasi cha pauni milioni 3. Mwezi Julai 2008 baraza jingine, la Benki ya Dunia, likasema serikali ilikiuka mkataba wa uwekezaji, lakini halikumpa mwekezaji fidia hata senti. Magazeti yaliandika sana kuhusu nani ameshinda. Kuhusu mama wa Mbagala na ndoo yake, yaliandika kidogo.

Mwaka 2006 ikaanza kazi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na hapo utaratibu ukabadilika. Tangu hapo mtoa huduma hawezi kuamka na bei yake. Hupeleka maombi pamoja na hesabu zake, maombi hutangazwa, mkutano wa wadau huitishwa, baraza la watumiaji husema lake, kisha bodi hutoa amri ya bei na kuitangaza katika Gazeti la Serikali. DAWASA na DAWASCO ziliunganishwa mwaka 2018, lakini njia ya kupanga bei ikabaki hiyo. Ni hatua kubwa kulinganisha na enzi ambazo bei ilitangazwa tu.

Hesabu yenyewe si uchawi. Chukua gharama za mwaka: umeme wa kusukuma maji kutoka Ruvu, dawa, mishahara, matengenezo, na mikopo. Gawanya kwa maji unayotarajia kuuza. Angalia neno hilo: kuuza. Tuseme unazalisha ndoo 100 kwa gharama ya shilingi 100. Ukiuza zote, kila ndoo ni shilingi moja. Lakini nusu yake ikivuja njiani au ikiibwa, kila ndoo iliyobaki lazima iwe shilingi mbili. Dar es Salaam kwa miaka mingi imepoteza karibu nusu ya maji yake kwa njia hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hujengwa kwa ankara ya mlipaji mwaminifu.

Liko pia jambo la huruma ambalo hugeuka adhabu. Miji mingi, Dar es Salaam ikiwamo, imewahi kuweka bei nafuu kwa uniti chache za mwanzo ili kumlinda maskini, na bei ya juu kwa anayetumia nyingi. Kwa nyumba ya familia moja, sawa. Lakini nyumba zetu za Uswahilini zina vyumba sita, kila chumba familia yake, na mita moja uani. Uniti za nafuu huisha katika siku za mwanzo za mwezi, na familia sita za kipato kidogo huhesabiwa kama tajiri mmoja mwenye bustani.

Sasa turudi kwa yule wa tatu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kama mchuuzi anauza dumu kwa shilingi 100, mnunuzi wake analipa shilingi 5,000 kwa uniti. Weka hesabu hiyo kando ya ankara yako, msikilizaji mwenye bomba, uone tofauti. Na bei ya mchuuzi haina mkutano wa wadau. Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua kwa ukame na mgao ukatangazwa jijini, dumu lilipanda bei mitaani kati ya asubuhi na jioni. Hakuna maombi yaliyopelekwa, hakuna bodi iliyoketi.

Simlaumu mchuuzi. Anasukuma mkokoteni juani, naye ana watoto. Ninachosema ni kwamba nimehudhuria mikutano ya bei mara kadhaa kwa ajili ya kazi. Nimewasikia wenye viwanda, wenye hoteli, na wastaafu walioshika ankara zao mkononi, wakizungumza kwa hoja nzito. Katika mikutano hiyo niliyohudhuria, sikumsikia hata mmoja aliyesimama akasema: mimi sina mita, mimi nanunua kwa dumu. Huenda wapo walioketi kimya. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, historia hii haituambii kwamba bei ya maji ishuke au ipande. Inatuambia kwamba bei ndogo peke yake haijawahi kumpa maji asiye na bomba, na kwamba bei kubwa peke yake haijampa pia. Kinachompa maji ni bomba kufika mtaani kwake. Mkutano ujao wa bei ukitangazwa, tuwaulize wahusika maswali matatu. Kiasi gani cha bei mpya kinakwenda kuziba mivujo? Kiasi gani kinakwenda kutandaza mabomba mapya, mitaa ipi, na kwa tarehe ipi? Na nyumba yenye familia sita na mita moja, itahesabiwaje?

Tena ingefaa mkutano mmoja ufanyike pale pale panapouzwa maji kwa ndoo, jioni, akina mama wakiwa wamerudi kutoka kwenye shughuli zao, na kila mmoja aulizwe jambo dogo tu: leo dumu umenunua shilingi ngapi? Jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao kabla bei mpya haijaamuliwa.