Plastiki inayopitisha umeme: kweli ni rafiki wa mazingira?

Wadau, nimeulizwa mara mbili wiki hii: hivi vihisi laini vinavyobandikwa kwenye ngozi, kweli havichafui mazingira au ni maneno ya wauzaji tu? Haya, nimechimba.

Anza na kibodi uliyoishika hapo kafe. Za bei rahisi ndani mna karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Ukibonyeza zinagusana, basi. Haijui umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kihisi kinajua, kwa sababu ukikivuta au kukikandamiza, ukinzani wake wa umeme unabadilika. Vile vya utepe wa metali vipo siku nyingi, ila havinyumbuki. Ngozi ya goti huvutika kwa asilimia 30 na zaidi, metali hapo imeshakatika zamani.

Ndio ikaja plastiki. Mwaka 1977 Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walitia iodini kwenye poliasetilini, ikapitisha umeme mara mamilioni kuliko mwanzo. Wakapata Nobel ya kemia mwaka 2000. Tatizo, poliasetilini huharibika haraka ikiachwa kwenye hewa.

Siku hizi inayotumika sana ni PEDOT:PSS. Hiyo PEDOT peke yake haikubali maji. PSS ndiyo inayoifanya isambae majini kama wino wa buluu. Unapaka kwenye karatasi, pamba au mpira, unakausha, umemaliza. Hakuna viyeyushi vya sumu vya kumuumiza fundi. Ikikauka yenyewe ni kavu mno, hupasuka ikivutwa kidogo tu, hivyo huchanganywa na gliserini au utomvu wa mpira wa asili.

Sasa hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. Usafi huo ni wa kiwandani. Karatasi itaoza, lakini PEDOT yenyewe haiozi kirahisi, na malighafi yake kwa kawaida hutoka kwenye mafuta ya petroli.

Halafu kuna unyevu. PSS inanyonya maji ya hewani na usomaji unahama bila mtu kusogea. Fikiria mgonjwa wa kiharusi aliyevaa glovu ya mazoezi: mashine inasema kidole kimekunjika, kumbe ni jasho. Dawa yake ni kukifunika kihisi na silikoni, nayo haiozi vilevile.